Redio Inamkataa Baba Pacha

Nyumba hii ina mabafu mawili na watu kumi na mmoja. Njoo asubuhi ndipo utaelewa.

Zamani bafu la kushoto lilikuwa la Baba Pacha, mke wake na watoto wao pacha. Bafu la kulia lilikuwa la dada yake Baba Pacha na wanawe watatu. Basi unakuta watu wanne wamejipanga kushoto, taulo begani, mswaki mdomoni. Kulia hakuna hata nzi. Lakini thubutu kuingia kulia! Shangazi wa pacha ana mdomo, na mdomo wake unafika mpaka barabarani.

Bibi, mama yao, alichoka na kelele. Siku moja alichukua funguo zote mbili akazitia mfukoni.

"Kuanzia leo hakuna bafu la mtu," alisema. "Anayetaka kuoga aje kwangu. Nitampa ufunguo wa bafu lililo wazi. Yakijaa yote mawili, atangoja zamu."

Tangu siku hiyo watu wanaoga na kwenda kazini. Shangazi ametafuta mambo mengine ya kugombania.

Jumanne moja Baba Pacha alioga kimya. Mke wake alishangaa, kwa sababu mume wake huimba bafuni kama yuko harusini.

"Umemeza nini leo?" Mama Pacha aliuliza.

"Nimemeza redio," alijibu mumewe.

Baba Pacha ni dereva wa gari la wagonjwa. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa. Anazijua barabara za mji kama mifuko ya suruali yake. Lakini wiki tatu zilizopita waliletewa redio mpya. Si redio ya muziki na habari. Ni redio ya upepo, ile ya mkononi. Unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikiliza. Redio za zamani alizielewa vizuri. Hizi mpya zilimvuruga akili.

"Leo itanisikia tu," alisema. Akavaa viatu, akatoka.

Saa nne asubuhi alikuwa barabarani. Nyuma ya gari alikuwapo mama mjamzito anayetoka damu. Nesi alikuwa naye, amemshika mkono. Hospitali ilitakiwa kupata habari mapema ili iandae damu na daktari.

Baba Pacha alibonyeza kitufe. Papo hapo akaanza kusema, bila kuvuta pumzi.

"Gari la nne, tunaleta mama mjamzito, andaeni damu!"

Sauti ya mwanamke ilijibu kutoka kituo kikuu cha mawasiliano. "Nimesikia mama mjamzito. Sikusikia ni gari gani, na bila hilo siwezi kuiarifu hospitali. Rudia."

Baba Pacha alibonyeza tena. Safari hii redio ilitoa mlio mzito: buuu!

"Imenikataa!" alisema. Alibonyeza tena. Buuu! Akabonyeza, akabonyeza, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliye bafuni.

"Vipi huko mbele?" Nesi alipaza sauti.

"Wamejaza chaneli. Nahama!"

Zamani dereva akikuta chaneli imejaa, alizungusha swichi iliyo juu ya redio. Alitafuta chaneli tupu, akaongelea huko. Madereva wote walijua kwamba namba sita ilikuwa tupu siku zote. Ilikuwa kama kichochoro chao. Baba Pacha alizungusha swichi kutoka namba tatu hadi namba sita. Akabonyeza. Redio ikalia: tii!

"Kituo kikuu, mgonjwa wangu anatoka damu nyingi, nisikieni!"

Sauti nzito ya mwanamume ilijibu. "Pole sana, kaka. Lakini sisi ni mafundi wa mabomba ya maji. Tuko shimoni."

"Shimoni? Tokeni kwenye chaneli ya hospitali!"

"Tutoke twende wapi? Wewe ndiye umetukuta shimoni."

Walipofika hospitali, mlangoni hapakuwa na mtu. Nesi alikimbia kumtafuta daktari. Nesi mwingine alikimbia kutafuta damu. Dakika kumi zilipotea. Mama na mtoto walipona, lakini kidogo tu iwe vingine. Daktari alimfokea Nesi. Nesi alimtazama Baba Pacha. Baba Pacha aliitazama redio.

Mchana aliitwa na mkuu wa magari. Madereva humwita Kalamu, kwa kuwa kila kitu anakiandika.

"Ni mara ya tatu mwezi huu kituo hakikupati," Kalamu alisema.

"Bosi, mimi nawaita. Wao ndio..."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa nikiona bado, Jumatatu utaendesha gari la mashuka."

Gari la mashuka hubeba shuka chafu kwenda kufuliwa. Ni kazi ya halali. Lakini Baba Pacha alihisi kama amevuliwa shati mbele za watu. Miaka kumi na tisa ya king'ora, halafu mashuka!

Jioni nyumba nzima ilikuwa na habari. Katika nyumba hii siri haifiki jikoni ikiwa bado siri. Watu walikaa ukumbini na vikombe vya chai, na kila mtu alikuwa fundi wa redio.

"Betri hiyo, shemeji," alisema mdogo wake Mama Pacha. "Ianike juani."

"Betri wapi!" Shangazi alidakia. "Ni antena. Unaishika imelala. Ishike wima, mkono juu, hivi."

"Niendeshe gari kwa mkono mmoja?"

"Wewe unataka kusikika au unataka raha?"

Bibi alikohoa. "Mwanangu, pengine huisalimii. Kila siku nakusikia, 'Gari la nne, gari la nne.' Hujambo iko wapi?"

Kichwa cha Baba Pacha kilizidi kuuma.

"Kwa nini usimuulize Dada Kituo?" alisema Mama Pacha.

Watu waligeukia dirisha la uani. Dada Kituo ni mpangaji wa chumba cha uani. Anafanya kazi katika kituo kikuu cha mawasiliano. Ile sauti ya mwanamke redioni ni yake.

Baba Pacha alishusha sauti. "Nimuulize yeye? Si ndiye anayenikata!"

"Anakukata?"

"Nani mwingine? Amekaa kwenye kiti chake. Anaangalia nani anaita. Huyu apite, huyu asipite. Tangu siku ile nilipoangusha nguo zake matopeni, hajanipitisha."

"Heee!" Shangazi alisogeza kiti karibu. "Nilijua tu! Jana nilimsalimia, akaitikia haraka haraka."

Mama Pacha hakutaka kupoteza muda. Alifungua dirisha la uani. "Dada Kituo! Njoo unywe chai! Kuna mtu huku anasema unamkata!"

Baba Pacha alitamani sakafu ipasuke aingie.

Dada Kituo alikuja na kikombe chake mkononi. Alisikiliza yote. Kisha alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mimi nikukate? Baba Pacha, juzi mimi mwenyewe nilingoja sekunde saba nipate nafasi ya kukuita wewe."

"Ulingoja? Ulikuwa unamngoja nani?"

"Kompyuta."

Watu walitazamana. Bibi aliuliza, "Huyo naye ni mpangaji wapi?"

"Ngojeni niwaeleze," Dada Kituo alisema. "Bibi, funguo za bafu ziko wapi?"

Bibi alishika mfuko wake. "Za nini? Unataka kuoga wakati watu wanaongea?"

"Sitaki kuoga. Nataka wakuangalie wewe. Baba Pacha, zamani redio zilikuwa kama mabafu ya zamani. Watu wa hospitali walikuwa na chaneli yao. Watu wa maji yao. Zimamoto yao. Chaneli ya hospitali ikijaa, mlisongamana hapo, huku chaneli nyingine ziko tupu."

"Ndiyo maana tulikimbilia namba sita."

"Haya. Sasa mji mzima una mtambo mmoja wenye chaneli chache. Chaneli si za mtu tena. Kompyuta iliyo kituoni ndiyo imeshika funguo zote. Ukibonyeza kitufe, redio yako inaiambia kompyuta, 'Gari la nne linaomba njia.' Kompyuta inatafuta chaneli iliyo wazi, inakupa. Ukimaliza kuongea, inaichukua na kumpa mwingine."

"Kwa hiyo Bibi ni kompyuta?"

"Bibi ndiye kompyuta."

"Mimi?" Bibi alisema. "Mimi nimezaa watoto watano."

Baba Pacha alikunja uso. "Na ombi langu linapita wapi, kama chaneli zote zina watu wanaongea?"

"Swali zuri hilo. Kuna chaneli moja haiongelewi kabisa. Kazi yake ni kupeleka maombi na kuleta majibu. Bibi haogi wakati anagawa funguo, sivyo? Masikio yake yako wazi kwa wanaokuja. Chaneli hiyo ni masikio ya kompyuta."

"Basi mbona nikisema hamsikii maneno ya mwanzo?"

"Kwa sababu unaanza kuoga kabla ya kupewa ufunguo."

Shangazi aliangua kicheko. Chai ilimwagika.

"Ukibonyeza, ngoja kidogo," Dada Kituo aliendelea. "Redio italia, tii! Huo mlio ndio ufunguo. Ukisema kabla ya mlio, maneno yako ya kwanza yanaanguka mlangoni. Na wewe neno lako la kwanza ni jina la gari."

Baba Pacha aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akauliza, "Na ile buuu? Ile si kukataliwa?"

"Hapana. Ile ni Bibi anasema, mabafu yote yana watu, lakini nimekuona. Jina lako limeingia kwenye foleni. Achia kitufe. Usizungushe kitu. Chaneli ikipatikana, redio yako italia yenyewe, tii-tii! Hapo bonyeza, useme."

"Na nikibonyeza tena na tena?"

"Unaondoka kwenye foleni na kuingia upya nyuma. Kwa redio zetu hizi ndivyo ilivyo. Leo asubuhi nilikuona kwenye kioo cha kompyuta. Jina la gari la nne linaingia, linatoka, linaingia, linatoka. Nilidhani redio imekaliwa na mtoto."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Mumewe aliutazama ukuta.

"Na wale watu wa shimoni?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Swichi ile haichagui chaneli tena. Chaneli inachaguliwa na kompyuta. Swichi inachagua kundi, yaani watu unaotaka wakusikie. Tatu ni kundi letu: kituo, hospitali na magari ya wagonjwa. Sita ni watu wa maji. Mama Pacha akiwaogesha pacha, anapewa ufunguo mmoja na wote watatu wanaingia pamoja. Kundi nalo ni hivyo. Kompyuta ikitupa chaneli, redio zetu zote zinahamia hapo pamoja, zenyewe. Wewe ukizungusha swichi, umewaacha wanao ukaingia kuoga na watu wengine."

"Astaghafiru!" alisema Shangazi.

Shemeji aliinua mkono kama yuko darasani. "Dada, je, mtu akiwa mahututi naye akae foleni?"

"Mtoto akija ameshika tumbo, Bibi humwambia angoje?"

"Nani anataka kusafisha sakafu?" Bibi alisema. "Huyo anapita mbele ya wote."

"Ndiyo kazi ya kitufe chekundu, Baba Pacha. Ukikibonyeza, kompyuta inakuweka mbele ya foleni. Lakini ni cha hatari ya kweli. Wote wakikibonyeza kwa haraka zao, foleni inarudi palepale."

Wakafanya mazoezi. Baba Pacha alishika kipande cha sabuni kama redio. Shemeji akawa gari la saba. Bibi akawa kompyuta, akakaa katikati na funguo zake. Mara ya kwanza Baba Pacha alisema kabla ya mlio. Mara ya pili alibonyeza sabuni mara sita mfululizo mpaka vidole vikateleza. Mara ya tatu alingoja.

"Tii!" alisema Bibi.

"Gari la nne, nakwenda hospitali."

Shangazi naye alitaka kujaribu. Alibonyeza, akangoja. Bibi alinyamaza.

"Mama, mbona hulii?"

"Jana ulinijibu vibaya."

"Bibi!" alisema Dada Kituo. "Kompyuta haina kinyongo."

"Basi hiyo kazi siiwezi," alisema Bibi, akazirudisha funguo mfukoni.

Alhamisi ilinyesha mvua kubwa. Mitaro ilijaa, barabara zikageuka mito. Kila mwenye redio alikuwa anaita: watu wa maji, zimamoto, wote. Baba Pacha na Nesi walikuwa wamembeba fundi viatu mmoja, mzee, anayepumua kwa shida. Alikuwa amewekewa oksijeni.

Baba Pacha alibonyeza. Buuu!

Kidole kilimwasha. Miaka kumi na tisa ilikuwa ndani ya kidole hicho, yote inasema: bonyeza tena!

"Bonyeza tena!" Nesi naye alisema kutoka nyuma.

"Niko kwenye foleni."

"Foleni ya nini? Huyu mzee anafunga macho!"

"Nesi, nimeandikwa. Ngoja."

Aliachia kitufe, mikono yote miwili akaiweka kwenye usukani. Hakuwa na hakika. Kama Dada Kituo amekosea je? Kama mvua imeharibu kompyuta je? Alihesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Swichi ya juu ilimwangalia. Tano. Sita.

Tii-tii!

Alibonyeza. "Gari la nne. Mgonjwa mmoja, mzee, pumzi fupi. Tunafika baada ya dakika kumi na tano. Daktari awe mlangoni."

"Gari la nne, nimekupata yote," alijibu Dada Kituo.

Lakini mbele, karibu na kiwanda, maji yalikuwa yamefunika barabara. Lori limezama nusu, hakuna njia. Na nyuma Nesi alipiga kelele.

"Mtungi unakwisha! Hautafika dakika kumi na tano!"

Sasa huyu ndiye mtoto aliyeshika tumbo, Baba Pacha aliwaza. Alibonyeza kitufe chekundu. Redio ililia papo hapo.

"Gari la nne, dharura! Barabara ya kiwandani imefungwa na maji. Oksijeni inakwisha."

Kabla Dada Kituo hajajibu vizuri, sauti nyingine iliingia kwa zamu yake. "Gari la saba hapa. Nimesikia. Nina mtungi mzima, niko nyuma ya shule."

"Gari la nne, pita njia ya shule," alisema Dada Kituo. "Gari la saba, mngoje getini."

Walikutana getini. Mtungi ulihama kutoka gari moja kwenda jingine kwenye mvua, Nesi akiwa na kiatu kimoja tu. Hospitalini daktari alikuwa mlangoni na kitanda. Jioni fundi viatu alikuwa anapumua. Alikuwa pia anamsimanga Nesi kwa namna kile kiatu chake kilivyoshonwa.

Ijumaa asubuhi Baba Pacha alisimama mbele ya meza ya Kalamu. Aliivaa sare yake iliyopigwa pasi, kama mtu anayeiaga.

Kalamu alikuwa na karatasi ndefu mkononi.

"Unaijua hii? Imetoka kwenye kompyuta ya kituo. Inaandika kila ombi la redio. Inaandika kuliko mimi." Alisogeza miwani. "Jumanne, gari la nne. Dakika nne. Maombi arobaini na moja. Yaliyojibiwa, mawili. Moja kati ya hayo limejibiwa na mafundi wa maji."

Baba Pacha aliinamisha kichwa.

"Jana, gari la nne. Mvua yote ile, mji mzima unapiga kelele. Maombi sita. Yaliyojibiwa, sita." Kalamu alivua miwani. Uso wake ulikuwa umechanganyikiwa. "Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi sielewi. Ulifanya nini?"

"Nilingoja, bosi."

"Ulingoja tu?"

"Nilingoja mlio. Halafu nikasema. Na sikuigusa swichi."

Kalamu alitafakari. Kisha akachukua barua ya uhamisho iliyokuwa tayari mezani, akaipasua katikati. Akavuta droo, akatoa funguo za gari la nne.

"Jumatatu saa mbili utawafundisha wenzako," alisema. "Polepole, mimi nitakuwa nyuma naandika."

Baba Pacha alishuka ngazi mbili mbili. Aliingia garini, akampigia simu mke wake.

"Uko wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Niko garini."

"Gari gani? Sema haraka. La mashuka?"

"La wagonjwa, mke wangu. La nne. Tena Kalamu amesema..."

Redio ililia kando yake. "Gari la nne, gari la nne, kituo kinakuita."

Simu ilikatika. Mama Pacha aliitazama mkononi mwake, kisha akacheka peke yake jikoni. Katika miaka yote ya ndoa yao, hajawahi kufurahi hivyo kukatiwa simu.